MAISHA YA ZHUANGZI, MWALIMU WA MABADILIKO

Ulimwengu umewahi kupata watu wengi mashuhuri, lakini wengi tunaowasoma darasani ni wale waliotawala, waliopigana vita ama waliovumbua mitambo. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia maisha ya mtu ambaye hakufanya hata moja kati ya hayo. Hakuwa mfalme, hakuwa jemadari, wala hakuacha mali. Alikuwa mtu maskini wa Uchina aliyekataa cheo kikubwa, akafiwa na mke, akafiwa na rafiki, kisha naye akafa. Hata hivyo zaidi ya miaka 2,200 imepita na jina lake halijafutika. Mtu huyo ni Zhuangzi, na anakumbukwa kwa sababu alijua jinsi ya kuishi mambo yanapogeuka.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Jina lake halisi lilikuwa Zhuang Zhou. Zhuang ndilo jina la ukoo, kwani Wachina hutanguliza ukoo. Ile zi ya mwisho ni ya kumtukuza mtu, kwa hivyo kusema Zhuangzi ni sawa na kusema Mwalimu Zhuang. Wataalamu hukadiria kwamba alizaliwa mnamo mwaka 369 K.K. na kuaga dunia mnamo mwaka 286 K.K. Kwao kulikuwa mahali palipoitwa Meng, katika dola ya Song. Wengi husema eneo hilo liko karibu na mji wa Shangqiu katika jimbo la Henan.

Siku hizo Uchina haikuwa nchi moja. Kipindi cha kutoka mwaka 475 K.K. hadi 221 K.K. huitwa na wanahistoria Enzi ya Dola Zinazopigana, na kweli zilipigana. Dola 7 kubwa zilikuwa zikivamiana, na kama tujuavyo, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mkulima angeweza kulala akiwa raia wa mfalme huyu na kuamka akiwa raia wa mfalme yule. Song, dola ya akina Zhuangzi, haikuwa hata moja kati ya hizo 7. Ilikuwa ndogo, na mwaka 286 K.K. ilimezwa kabisa na jirani yake, Qi. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba Zhuangzi alipozungumza juu ya mabadiliko hakuwa akiota ndoto kivulini. Mabadiliko yalikuwa mlangoni pake.

Katika fujo hiyo kila mwenye hekima alikuwa na dawa yake. Wafuasi wa Confucius walisema dawa ni adabu, heshima kwa wazazi na kila mtu kujua nafasi yake. Wengine walitaka sheria kali. Zhuangzi alifuata mafunzo ya Tao, ambayo hunasibishwa na mzee aitwaye Laozi. Neno Tao maana yake ni Njia. Si njia ya kupitisha magari, bali ni ile njia ambayo vitu vyote hupitia: huja, hukua, hugeuka na kurudi vilikotoka. Usiku hufuata mchana, na masika hufuata kiangazi. Wafuasi wa Tao husema kwamba anayepigana na mwendo huo hujichosha bure, na anayeufahamu hupita salama. Mfano wao mkubwa ni maji, ambayo ni laini lakini hupata njia hata penye miamba.

Habari za maisha ya Zhuangzi ni chache. Sima Qian, mwanahistoria mashuhuri wa Uchina aliyeandika kiasi cha mwaka 100 K.K., alimpa nafasi fupi tu. Anaeleza kwamba Zhuangzi aliwahi kuwa ofisa mdogo wa serikali mahali palipoitwa Qiyuan, jina lenye maana ya bustani ya miti ambayo utomvu wake hupakwa kwenye vyombo vya mbao vikang'aa. Hadithi nyingine zimo katika kitabu kinachoitwa kwa jina lake, na baadhi yake ni mafumbo kuliko taarifa. Mimi nitazisimulia zilivyo, maana fumbo nalo lina lake la kufundisha.

Kazi ile haikumtajirisha hata kidogo. Wakati mmoja nyumbani hapakuwa na chakula, ikambidi aende kwa bwana mmoja mwenye eneo lake kukopa nafaka. Bwana yule akamwambia asiwe na wasiwasi, akishakusanya kodi atamkopesha vipande 300 vya dhahabu. Hebu fikiria, mtu ana njaa leo halafu anaahidiwa dhahabu ya siku zijazo! Zhuangzi alikasirika, lakini hakumtukana. Alimsimulia kwamba akiwa njiani aliona samaki amekwama ndani ya shimo lililochimbwa na gurudumu la mkokoteni. Samaki alimwomba maji kidogo tu asije akafa. Zhuangzi akamjibu kwamba atasafiri mpaka kusini, awaombe wafalme wa huko wamgeuzie mto mkubwa uje hadi pale. Samaki naye akasema kwamba kama ni hivyo, basi aje kumtafuta katika duka la samaki wakavu. Bwana yule bila shaka aliuelewa ujumbe.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu maskini alipata nafasi ya kutajirika, akaikataa. Mfalme Wei wa dola ya Chu alisikia sifa zake akatuma wajumbe wenye zawadi nyingi kumwomba awe waziri mkuu. Zhuangzi alicheka. Aliwaambia wamtazame ng'ombe wa kafara. Hulishwa vizuri miaka kadhaa, huvishwa nguo za kutarizi, lakini siku ya kupelekwa hekaluni hutamani angekuwa kijinguruwe tu na wakati umeshapita. Yeye afadhali acheze kwenye matope yake kuliko kufungwa kamba na mtawala.

Kitabu chake kina kisa kinachofanana na hicho. Alikuwa akivua samaki katika mto Pu, maofisa wawili kutoka Chu wakamjia na ombi la mfalme. Hakugeuza hata shingo. Akiwa bado ameshika mshipi wake, aliwauliza kuhusu kobe mtakatifu aliyekufa miaka 3,000 iliyopita, ambaye mfalme wao alimhifadhi hekaluni ndani ya kitambaa na sanduku. Je, kobe huyo angechagua kufa mifupa yake iheshimiwe, ama kuwa hai akiburura mkia topeni? Wakajibu kwamba angechagua kuwa hai. Basi akawaambia waende zao, yeye pia ataburura mkia wake topeni. Wengine watamwona mjinga, lakini tukumbuke kwamba enzi hiyo vyeo vilikuwa hatari. Waziri aliyependwa leo angeweza kukatwa kichwa kesho mfalme akibadilika. Zhuangzi aliliona hilo mapema.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Hui Shi, aitwaye pia Huizi, bingwa wa mijadala aliyefika kuwa waziri katika dola ya Wei. Wawili hawa walibishana kama chui na paka, lakini walipendana. Siku moja Huizi alilalamika kwamba mfalme alimpa mbegu za mung'unye, akazipanda, zikazaa vibuyu vikubwa ajabu. Akitia maji kibuyu hakibebeki. Akikipasua kufanya kata, kata yenyewe ni pana mno na haina kina. Kwa hasira akavivunjavunja. Zhuangzi alimshangaa sana. Kwa nini hakukifunga kibuyu kiunoni akaelea nacho mitoni na ziwani? Kibuyu hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa katika mawazo ya Huizi yaliyokataa kutoka kwenye maji ya kunywa. Kitu kikibadilika ukubwa, na matumizi yake yabadilike.

Hapa ndipo ilipo hekima yake juu ya mabadiliko, na aliifundisha zaidi kwa visa vya watu wa kawaida. Kimoja ni cha mpishi aitwaye Ding, aliyempasulia ng'ombe bwana mmoja mkubwa. Kisu chake kilipita kama kinacheza ngoma. Bwana yule alipostaajabu, Ding alieleza kwamba mpishi mzuri hubadilisha kisu kila mwaka kwa sababu anakata, na mpishi wa kawaida hubadilisha kila mwezi kwa sababu anakatakata mifupa. Chake yeye kilikuwa na miaka 19, kimepasua maelfu ya ng'ombe, na makali bado ni kama ya jana. Siri ni kwamba kati ya viungo mna nafasi, na yeye hupitisha kisu katika nafasi hiyo badala ya kugombana na mfupa. Lakini akifika penye fundo gumu hujihadhari, hutuliza macho, hupunguza mwendo na kukisogeza kisu polepole sana. Hapa ndipo tunaposhika jambo muhimu. Kufuata Njia si uvivu. Ding alifanya mazoezi ya miaka mingi mpaka akajua nafasi iko wapi.

Kisa cha pili ni cha mwogeleaji wa maporomoko ya Lüliang. Maji pale yalianguka kwa nguvu, hata samaki na kobe hawakuweza kuogelea. Confucius na wanafunzi wake wakamwona mtu ndani yake, wakadhani anataka kujiua. Wanafunzi wakakimbia ukingoni ili wamwokoe. Kumbe mtu mwenyewe akatokea mbele kidogo, nywele zimetawanyika, anaimba! Alipoulizwa ana uchawi gani, alijibu kwamba hana. Anaingia pamoja na mzunguko wa maji na kutoka nao, anafuata yanakoenda bila kulazimisha yake. Tuangalie vizuri, rafiki. Hakukaa ukingoni akiogopa, na pia hakujiachilia kama gogo. Aliogelea, ila aliogelea kwa kuyajua maji.

Wengine huchukua mafunzo haya wakafanya sheria moja ya kukariri, eti jifanye huna faida upate kuishi kwa amani. Zhuangzi mwenyewe alilijibu hilo. Akiwa mlimani na wanafunzi wake aliona mti mkubwa ambao wakataji waliuacha kwa kuwa mbao zake hazifai kitu. Akasema mti huo umeishi kwa kukosa faida. Jioni walifikia kwa rafiki yake, ambaye aliamuru bata bukini achinjwe kwa ajili ya wageni. Mtumishi akauliza achinje yupi, anayelia au asiyelia. Akaambiwa asiyelia. Kesho yake wanafunzi wakamweka mwalimu kwenye kona: mti ulipona kwa kukosa faida, bata akafa kwa kukosa faida, je, yeye atasimama wapi? Zhuangzi alicheka akasema labda katikati, lakini hata katikati si mahali pa kukwama. La maana ni kugeuka na wakati, leo juu, kesho chini, bila kushikilia jambo moja tu. Naona jibu hili ni la kweli kuliko sheria yoyote ya kukariri.

Ni rahisi mtu kuongea hivyo akiwa hajaguswa. Zhuangzi aliguswa. Mke wake alifariki. Huizi alipofika kumpa pole alimkuta ameketi chini, miguu ameitanua, anapiga beseni la udongo kama ngoma huku akiimba. Huizi alichukizwa mno. Alimkumbusha kwamba mama huyu ameishi naye, amemlelea watoto na kuzeeka naye. Kukosa kulia kungetosha, lakini kupiga ngoma na kuimba kumepita kiasi! Kusema kweli hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ukatili. Mtu akifanya hivyo kwenye matanga ya kwetu wazee watamfukuza.

Lakini jibu lake ndilo linalonifanya nimheshimu. Alisema kwamba alipofiwa, hapo mwanzo, alihuzunika kama mtu yeyote. Halafu akakaa akafikiri. Kabla mkewe hajazaliwa hakuwa na uhai, na kabla ya hapo hakuwa na umbo, na kabla ya hapo hata pumzi haikuwako. Katika mchanganyiko ule kukatokea badiliko akapata pumzi, likatokea jingine akapata umbo, likatokea jingine akapata uhai. Sasa limetokea badiliko jingine amekufa. Ni kama majira 4 ya mwaka yanavyopokezana. Sasa amelala katika chumba kikubwa kuliko vyote, na kumfuata kwa mayowe kungeonyesha kwamba yeye Zhuangzi hajaelewa maisha. Kwa hivyo akanyamaza kulia. Ona basi, hakuruka huzuni. Aliipitia, akatokea upande wa pili.

Baadaye Huizi naye akafa. Siku moja Zhuangzi alikuwa akipita karibu na kaburi la rafiki yake, akawageukia waliofuatana naye akawapa kisa. Palikuwa na mtu wa mji wa Ying ambaye tone la chokaa, jembamba kama bawa la nzi, lilimwingia puani juu. Alimwambia seremala Shi alitoe. Seremala akazungusha shoka lake likavuma kama upepo, chokaa yote ikatoka na pua haikupata hata mkwaruzo, na mwenye pua alisimama tuli bila kupepesa. Mtawala wa Song aliposikia alimwita seremala arudie. Seremala akajibu kwamba zamani aliweza, lakini yule mwenzake aliyesimama amekwisha kufa. Zhuangzi akamalizia kwamba tangu Huizi afe, yeye pia hana wa kuzungumza naye.

Ndugu msomaji, kisa hiki nakiweka pamoja na kile cha beseni. Wanaosema Zhuangzi alikuwa na moyo wa jiwe wamesoma kimoja wakaacha kingine. Mtu aliyefundisha kukubali mabadiliko alimkosa rafiki yake mpaka akasema wazi. Kumbe kukubali si kusahau. Ni kusema ukweli kwamba kitu kimekwenda, kisha kuendelea na safari.

Mwisho ilikuwa zamu yake mwenyewe. Alipokaribia kufa, wanafunzi wake walitaka kumzika kwa fahari. Aliwakataza. Aliwaambia mbingu na ardhi zitakuwa jeneza lake, jua na mwezi zitakuwa vito vyake, nyota zitakuwa lulu zake, na viumbe vyote vitakuwa wasindikizaji. Wanafunzi wakasema wanaogopa ataliwa na kunguru na mwewe. Akawajibu kwamba juu ya ardhi ataliwa na ndege, na chini ya ardhi ataliwa na mchwa. Kwa nini wawanyang'anye hawa na kuwapa wale? Hata kaburini alikwenda na mzaha wake.

Kitabu chake kilibaki. Kile tunachokijua leo kina sura 33, kama zilivyopangwa na msomi aitwaye Guo Xiang, aliyefariki mwaka 312 B.K. Wataalamu wengi huona kwamba sura 7 za kwanza ndizo zilizo karibu zaidi na Zhuangzi mwenyewe, na nyingi za baadaye ziliongezwa na wafuasi wake. Mwaka 742 B.K. mfalme Xuanzong wa ukoo wa Tang alikipa kitabu hicho cheo rasmi cha heshima. Nadhani Zhuangzi angecheka. Alikikimbia cheo akiwa hai, kikamfuata akiwa amekufa!

Je, sisi tunafaidika nini? Kwanza, tusivunje kibuyu. Mambo yakija kwa sura ambayo hatukuizoea, tuulize yanaweza kutufaa kwa njia gani nyingine. Kwetu Kenya mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka 2023 mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho ili mtaala mwingine uchukue nafasi. Nyumba nyingi zina kaka wa mtaala huu na mdogo wake wa mtaala ule. Kulaumu tu hakutamsaidia mtoto hata mmoja kufanya hesabu zake. Pili, tuwe kama Ding. Kazi ikiwa ngumu si lazima kuongeza nguvu, pengine ni kupunguza mwendo na kutafuta nafasi ilipo. Mwanafunzi anayehamia shule mpya ama aliyebadilishiwa mwalimu anaweza kutumia hilo kesho asubuhi. Tatu, tuwape waliofiwa muda. Zhuangzi hakuanza kwa kupiga beseni, alianza kwa kuhuzunika.

Kuna jambo moja ambalo mimi sikubaliani naye sana. Kukataa kazi ya mfalme kulimpa uhuru, lakini mara moja kulikuwa na njaa nyumbani, na njaa ile haikuwa yake peke yake. Alikuwa na mke na watoto. Si kila mabadiliko ni ya kufuata tu, mengine ni ya kupinga, hasa yanapoonea watu. Hata yeye alipocheleweshewa nafaka hakunyamaza, alisema. Kwa hivyo tumsome tukijua pia kuchuja.

Pamoja na hayo, maisha yake ni kioo kizuri. Aliishi katika nchi iliyokuwa ikibomoka, akapoteza aliowapenda, na bado hakupoteza furaha wala utu wake. Maji hufuata mkondo, lakini mwogeleaji anayejua maji huvuka akiwa hai.